Tanuu la Bwejuu

Usiku wa tatu moto umeshakufa, ndivyo yasemavyo macho.
Hakuna ulimi wa moto, hakuna cheche,
kuna kichuguu cha jivu nyuma ya nyumba ya kina Mcha
na harufu ya magogo ya mnazi yaliyolala chini ya mawe.
Mama hayaulizi macho.
Anainua mkono, anaugeuza,
mgongo wa kiganja ndio unaotangulia,
pale ngozi ilipo nyembamba, haijaota sugu.
Anauzungusha taratibu kama anayepima tumbo la mja mzito.
"Hapa bado," anasema. "Hapa, na hapa. Kule tayari."

Mimi nimerudi likizo na kompyuta yenye galaksi ndani.
Miezi minane naihesabia joto.
Katika picha za mwanga wa kawaida ni doa,
waa la masizi ukutani,
na orodha ya zamani imeiandikia neno moja: hafifu.
Ikaja darubini isomayo mwanga wa joto,
ule ulioupita wekundu, usiofikiwa na jicho,
na lile doa likawaka
kuliko jirani zake mia wakijumlishwa.

Namweleza. Namweleza vibaya, mikono ikinienda huku na huku.
Galaksi mbili ziligongana, nasema,
gesi ikasongamana, nyota zikaanza kuzaliwa kwa pupa;
kwetu huku huzaliwa moja, labda mbili, kwa mwaka,
kule mia tatu.
"Mia tatu!" Anacheka. "Na mkunga mmoja?"
Na vumbi, nasema, vumbi limezifunika zote,
linaumeza mwanga wa vichanga hivyo, linapata moto,
na joto hilo ndilo linalotufikia.
Nyota zenyewe hatuzioni.
Twaona blanketi lilivyo na homa.

Ananyamaza, anatema. Mate yake yana weupe.
Miaka thelathini ya vumbi la chokaa kifuani;
yeye hawezi kulisifu vumbi kirahisi kama mimi.
"Na huko," anauliza, "nani anakohoa?"

Sina jibu. Nina grafu.

Naukumbuka mguu wa Mcha.
Tulikuwa watoto, tunacheza kujificha,
akakatiza juu ya tanuu ambalo kila mtu alisema limekufa,
jivu jeupe, laini, kama unga uliochekechwa.
Hapakuwa na wekundu popote.
Hadi leo kisigino chake kinang'aa kama kauri,
na viatu vya kufunika havai.
Yeye, kabla ya mwalimu yeyote wa chuo,
ndiye aliyenionesha kwamba giza si baridi.

Alfajiri lori la fundi kutoka Malindi linapiga honi,
ukuta wa jumba unamomonyoka mjini, chokaa inatakiwa leo hii hii.
Mama anayamwagia maji mawe ya upande ule wa tayari.
Yanafoka, yanapasuka, yanakuwa unga,
mvuke unapanda, wala moto haupo.
Nataka kumwambia kwamba kalsiamu hii
ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla ya Jua letu,
matumbawe yakaiokota baharini,
ikapita kwenye meno yetu, kwenye magoti yake yanayomuuma,
na kwenye kijaluba cha tambuu cha marehemu bibi.
Lakini honi inalia tena na turubai halijafungwa.

Nashika ncha moja, yeye nyingine.
Upepo unatugeukia na vumbi lote.
Kwa dakika nzima simwoni,
naye yuko nusu hatua mbele yangu;
najua alipo
kwa joto tu.